Jinsi ya kuifanya michoro ya mitumbwi na vibao vya Mwanza ihesabike kuwa sanaa

Ukishuka Mwaloni pale Kirumba, sehemu ya kushushia samaki, asubuhi wakati mitumbwi inashusha mzigo, acha kidogo kuangalia dagaa uangalie mbavu za mitumbwi yenyewe. Karibu kila mmoja una jina, una namba ya usajili, na mingi ina mchoro juu, samaki, nyota, jicho, simba, wakati mwingine mchezaji mpira, na vyote hivyo vimechorwa kwa mkono na mtu ambaye nje ya pale mwaloni hakuna anayemjua. Panda Mabatini au nenda Igoma unakutana na vibao vya saluni vyenye vichwa vilivyonyolewa mitindo tofauti, kuta za mama ntilie zenye sahani ya ugali na sato, mlango wa kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, wenye jamaa ameshika bunduki. Kwa siku moja tu hizi picha zinaonwa na watu wengi kuliko picha yoyote iliyotundikwa kwenye hoteli za Capri Point, lakini ukimuuliza mtu kama ni sanaa anakujibu hapana bwana, hayo ni matangazo tu.

Hilo jibu linaweza kubadilika kabisa na njia yake inajulikana, maana picha za kamera zilipita hukohuko, sinema ikapita, katuni zikapita, na magemu ya video yamepita juzijuzi tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoitwa sanaa kwasababu mtu mkubwa alijisikia kukiita hivyo. Kulikuwa na watu waliokaa wakafanya kazi fulani, nyingine za kuchosha kweli, na ninachotaka kueleza hapa ni hizo kazi na namna ya kuzifanya huku kwetu ziwani.

Chagua kitu kimoja na uwahi

Usianze na "sanaa ya mtaani" yote, utachoka mapema. Chagua mitumbwi peke yake, au vibao vya saluni peke yake, au milango ya vibanda umiza. Mimi ningeanza na mitumbwi kwasababu ndiyo ya kwetu hasa, ila kama uko mbali na mwalo basi chukua vibao vya saluni, na hivyo ndivyo vinaisha haraka zaidi, mashine za kuprinti mabango zimejaa mjini na kinyozi akitaka bango leo analipata leo, lina picha za wasanii wa Marekani aliowatoa kwenye simu, kibao cha zamani kinageuzwa kuwa mlango wa banda la kuku.

Na hili la kuisha ndilo muhimu kulielewa kwenye suala zima. Watu huanza kukithamini kitu kikishaanza kupotea, na mara nyingi wanakuwa wamechelewa. Sinema za mwanzo kabisa zilionekana biashara ya maonyesho ya gulio, filamu ikishachakaa inatupwa. Georges Méliès, Mfaransa aliyetengeneza mamia ya filamu za maajabu mwanzoni mwa karne ya 20, filamu zake nyingi ziliyeyushwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na malighafi yake ikaenda kutengeneza visigino vya viatu vya askari. Alafu ikaja sinema yenye sauti mwaka 1927 na filamu bubu zote zikaonekana takataka. Ndipo mwaka 1936 Henri Langlois na Georges Franju, vijana wadogo tu, wakaanzisha Cinémathèque, hifadhi ya filamu, pale Paris na kuanza kuokota kila filamu waliyoipata. Wasingeokota, leo kusingekuwa na cha kubishania kama ni sanaa au siyo.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Unahitaji simu yenye kamera ya kueleweka na daftari la kawaida.

Piga picha asubuhi mapema au jioni, jua la saa saba pale ziwani linang'aa kwenye rangi ya mafuta mpaka mchoro hauonekani. Simama mbele ya mchoro moja kwa moja, usipige kwa ubavu. Piga mtumbwi mzima, piga mchoro peke yake, alafu sogea karibu kabisa upige ukingo wa herufi moja, na huo ukingo utakuja kukusaidia huko mbele. Ukimkuta fundi anachora, omba umpige mikono akiwa kazini.

Kwenye daftari andika tarehe, jina la mwalo, jina la mtumbwi na kwanini uliitwa hivyo (mara nyingi kuna stori nzuri, mke, mtoto, deni, msiba), nani aliagiza, nani alichora, rangi gani, na bei kama wako tayari kuitaja. Mtumbwi ukipelekwa kwenye matengenezo unapakwa upya na mchoro wa chini unapotea, kwahiyo huo ukurasa wako unaweza kuwa ndio ushahidi pekee uliobaki.

Ila kabla ya yote hayo nenda kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, ujitambulishe, usiruke hii. Wavuvi wamezoea kwamba mtu anayezungukazunguka mwaloni na kamera ni wa doria ya nyavu haramu, watakukimbia au watakujia juu, na wako sahihi kabisa. Ukienda na salamu, ukaeleza, ukarudi siku nyingine na picha zilizosafishwa ukawagawia wenye mitumbwi, mlango unafunguka wenyewe.

Picha zote weka sehemu mbili, simu inaibiwa na memori kadi inakufa.

Jina la aliyechora

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu kwenye mwongozo huu wote basi fanya hili.

Kulikuwa na mpiga picha pale Bamako, Mali, anaitwa Seydou Keïta. Alifungua studio mwaka 1948 na watu walikuja kupiga picha za ukumbusho kama sisi tulivyokuwa tunaenda studio sikukuu, nguo nzuri, redio pembeni, kitambaa cha maua nyuma. Mwaka 1991 picha zake zikaonyeshwa New York kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, na pale chini paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Yuko hai, yuko Bamako, lakini hajulikani. Watu wakamtafuta, wakampata, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris, kwa jina lake. Mwenzake wa hapohapo Bamako, Malick Sidibé, mwaka 2007 akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Picha zilikuwa zilezile za wateja wa studio, hazikuguswa, ila jina la mtu lilipokaa pembeni yake watu wakaanza kuuliza maswali ambayo hawakuwa wanauliza mwanzo, huyu alianzaje, zamani alikuwa anafanyaje na baadaye akabadilika vipi, ipi ni yake na ipi ya mwanafunzi wake, na maswali ya namna hiyo ndiyo tunayomuuliza msanii.

Kwahiyo mtafute mchoraji. Muulize anataka kuitwa jina gani, wengi wana jina la kazi. Muulize nani alimfundisha, na huyo naye umtafute kama yupo hai, hapo tayari umeanza kuandika ukoo wa uchoraji wa Mwanza. Muombe aanze kusaini. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi na kwa rangi za mng'aro za kupakia baiskeli, aliandika jina lake juu ya kazi. Aliuawa kwa risasi ya polisi kimakosa mwaka 1972, amechora miaka michache tu, na bado kazi zake zinatambulika mpaka leo kwasababu ya lile jina pale chini. Lakini kuna upande wa pili ambao unaniuma, jina lake likawa jina la mtindo mzima, na leo mtalii ananunua "tingatinga" bila kujua wala kujali nani ameichora, kuna wachoraji wazuri sana wamemezwa humo. Tusikubali ikaja kuwa "michoro ya mitumbwi ya Mwanza" basi, imeisha. Kila mchoro uwe na mtu.

Na pale ambapo mwenye mtumbwi hakumbuki nani alichora, utamjua kwa mkono wake, ndiyo maana nikasema upige ukingo wa herufi. Mtazame fundi akiandika jina la mtumbwi. Anakwangua rangi ya zamani kwa kisu na msasa, anapaka rangi ya chini, anaiacha ikauke, alafu anavuta kamba iliyopakwa chaki kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, anaikaza, anaipiga inaacha mstari. Mtumbwi una tumbo, umepinda, kwahiyo herufi zikifuata mstari ulionyooka kama rula zinakuja kuonekana zimeinama ukiutazama mtumbwi ukiwa majini, na fundi mzuri anajua hilo, anazishusha zile za katikati kidogokidogo zifuate tumbo. Brashi yake ameikata nywele kwa wembe iwe na ncha ya mshazari. Anaandika herufi kwanza, alafu anarudi na rangi ya pili kuweka kivuli, na hapo ndipo mkono unajulikana, kuna anayeweka kivuli kulia na chini siku zote, kuna anayekiacha mbali kidogo na herufi ili nyeupe ionekane katikati, kuna anayemalizia R kwa mguu mrefu unaopita chini ya herufi inayofuata. Ukishaona kazi kadhaa za mtu mmoja utamjua hata mtumbwi ukiwa mbali.

Andika, na ubishane

Picha bila maneno zinabaki albamu. Sinema ilisaidiwa sana na watu waliokaa wakaandika, Ricciotto Canudo, Mtaliano aliyekuwa anaishi Paris, alianza kuitetea kama sanaa mpya mwaka 1911, na lile jina la "sanaa ya saba" limetoka kwake. Baadaye, 1951, likaanzishwa jarida la Cahiers du cinéma, na vijana wake wakaanza kutetea watu kama Alfred Hitchcock ambao wakubwa wa wakati ule waliwaona ni wa kuburudisha tu. Hawakuishia kusema filamu zake nzuri. Walionyesha jinsi anavyoiweka kamera, vitu anavyovirudia filamu baada ya filamu, wakasema huyu ni mwandishi, ila kalamu yake ni kamera.

Katuni nazo hivyohivyo. Mwaka 1954 kamati ndogo ya seneti ya Marekani ilikaa kuchunguza kama vitabu vya katuni vinaharibu watoto, na mwaka 1992 Art Spiegelman akapewa tuzo maalum ya Pulitzer kwa katuni aliyochora kuhusu baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi. Katikati hapo Wafaransa na Wabelgiji walikuwa wameshaanza, tangu 1964, kuandika makala wakiziita sanaa ya tisa. Sisi tulikuwa na Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, tukawa na gazeti la katuni la Sani, tukawa na Kingo wa James Gayo na Kipanya wa Ali Masoud, tumecheka nazo miaka yote, lakini kaa utafute maandishi ya Kiswahili yanayochambua mstari wa kalamu wa hao wachoraji, uone utakavyohangaika. Tunachambua mechi ya Simba na Yanga dakika kwa dakika, katuni tunasema tu "jamaa kaua".

Namna ya kuandika ni rahisi kuliko inavyoonekana. Acha "inavutia" na "ya kipekee", hazimwambii msomaji kitu. Eleza kilichopo, alafu linganisha na kingine, alafu sema unachofikiri. Mfano: "Sangara huyu amechorwa mdomo ukiangalia mbele ya mtumbwi, mapezi yamerudi nyuma, kwahiyo mtumbwi ukitembea na yeye anaonekana anaogelea, tofauti na yule wa mtumbwi wa jirani ambaye amekaa kama yuko kwenye sahani. Magamba hakuyachora moja moja, amepitisha brashi yenye rangi kidogo juu ya rangi mbichi, na ukisogea karibu unaona nywele za brashi." Aya moja ya namna hiyo inamfanya mtu arudi kuangalia upya mtumbwi anaoupita kila siku. Na mtu akikujibu kwamba wewe umekosea, yule wa jirani ndiye mzuri, shukuru, maana hapo kazi imeanza kubishaniwa na ndicho tulichokuwa tunakitaka.

Vibanda umiza pia viandikiwe, na wale wanaotafsiri filamu kwa sauti juu ya picha, marehemu Lufufu alikuwa na ufundi wake na wengi tumeijua sinema ya nje kwa mdomo wake, ila hilo ni somo la kujitegemea.

Itoe ilipozoeleka

Alfred Stieglitz alipokuwa anapigania picha za kamera zionekane sanaa alifungua mwaka 1905 vyumba vidogo tu kwenye barabara ya Fifth Avenue, New York, kisha akawa anaonyesha picha na michoro ya wachoraji humohumo. Miaka 35 baadaye, 1940, MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la jiji hilohilo, likaanzisha idara ya picha za kamera, na mwaka 2012 hilohilo jumba likaingiza magemu 14 ya video kwenye hazina yake, Pac-Man na Tetris yakiwemo. Paris mwaka 1967 waliweka katuni kwenye jumba la makumbusho lililoko kwenye jengo la Louvre, na ujanja waliofanya ni kuzikuza picha zikawa kubwa, mtu aliyezoea kuisoma katuni kwa sekunde mbili akalazimika kuuona mstari.

Huku kwetu huwezi kuubeba mtumbwi mpaka ukumbini, ila fundi anapotengeneza mtumbwi anang'oa mbao zilizooza, na nyingi zina rangi na herufi juu, zinaishia jikoni kukaangia samaki. Ongea na mafundi wa mitumbwi wakuwekee, lipia chochote, zikaushe kivulini (juani zinapasuka na rangi inabanduka), usizipake vanishi na usiziguse rangi hata kidogo. Tundika usawa wa macho, ubao mmoja mmoja, nafasi ya kutosha katikati, na chini yake karatasi yenye jina la mchoraji, mwalo, mwaka na jina la mtumbwi.

Anzia palepale mwaloni. Jumapili moja, chini ya banda, wenye mitumbwi na wachoraji waone wenyewe kabla hajaona mtu mwingine yeyote. Baada ya hapo omba nafasi Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, hao tayari wanaelewa kutunza vitu, au Chuo cha Ualimu Butimba ambako wanafundisha walimu wa sanaa, au chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe ambako kuna wanafunzi wa habari wanaotafuta cha kuandika.

Na usione ni ndoto. Chéri Samba alikuwa mchora mabango Kinshasa, akafungua karakana yake mwaka 1975, anaandika maneno juu ya picha zake kama sisi tunavyoandika kwenye mitumbwi, na mwaka 1989 alikuwa Paris kwenye maonyesho makubwa pamoja na wasanii wa dunia nzima. Hapo ng'ambo ya ziwa, Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na majirani zake wanatengeneza filamu za mapigano kwa hela ndogo sana, na mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, ambayo ni kati ya maonyesho makubwa kabisa ya sanaa. Bado wanaishi Wakaliga.

Ofisi

Hii fupi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1915 ilisema sinema ni biashara tu kwahiyo haina ulinzi wa uhuru wa maoni, na ikaja kujigeuza mwaka 1952, miaka 37 baadaye, wakati watazamaji na waandishi walishaamua kitambo. Ofisi huwa zinakuja nyuma, usizisubiri, lakini usizikwepe. Nenda kwa afisa utamaduni wa jiji kama uko Nyamagana, au wa manispaa kama uko Ilemela, na albamu yako mkononi. Wachoraji wakiwa kikundi wajisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na mwulizeni afisa wa hakimiliki kuhusu kusajili kazi, sheria ya mwaka 1999 inazilinda picha na michoro pia.

Hela

Mkishaanza kuonekana watakuja wanunuzi, na hapa vitu vingi huharibikia. Kazi inaondoka mtaani, bei inapanda huko juu, mchoraji anabaki palepale, au anaambiwa achore samaki yuleyule kila siku kwasababu ndiye anayenunuliwa. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kabla ubao wowote haujauzwa, na mashahidi wawili wasaini. Yaeleze nani anamiliki ubao, mwenye mtumbwi anapata nini, mchoraji anapata nini, na kwamba kununua ubao siyo kununua mchoro, anayetaka kuuweka kwenye fulana au kalenda aje tena waongee upya. Ukiuzwa tena na mnunuzi wa kwanza, asilimia irudi kwa mchoraji, itajwe ni ngapi. Na wekeni kipengele kwamba mchoraji ana haki ya kuchora samaki huyohuyo kwenye mtumbwi wowote, mwalo wowote, kwa bei ya mwaloni, na hakuna mnunuzi wa kumzuia.